Bima inalipia kiti cha mashine hospitali, mgonjwa wa figo akitaka kujisafisha damu nyumbani nani analipa?

binti_tandahimba

Shikamooni wakubwa, wengine habari za jioni. Nina swali refu kidogo mnivumilie.

Baba yangu ana miaka 67, mkulima wa korosho, figo zilifeli mwaka juzi mwezi wa nane. Anawekwa mashine mara tatu kwa wiki, jumatatu jumatano na ijumaa, kila akikaa ni masaa manne. Kwetu ni Tandahimba ndani huko. Mwanzoni tulikuwa tunampeleka Mtwara mjini na kumrudisha, saa tisa usiku naamka nampashia maji ya kuoga, tunasubiri gari barabarani na taa ya simu, njia vumbi tupu, akirudi jioni kachoka hata tonge halishiki mkononi, na kesho kutwa tena hivyohivyo. Tukashindwa. Tukampangia chumba Chuno mjini, mimi nikafunga genge langu nikaja kukaa naye.

Sesheni yenyewe haina tatizo, anatumia bima ya mdogo wangu ambaye ni mwalimu, kamwandikisha kama mzazi mtegemezi. Kadi inasomwa, fomu inasainiwa, basi. Ila kodi ya chumba, bajaji za kwenda na kurudi, chakula, na mimi ambaye sifanyi biashara, hayo yote ni ya kwetu. Na hili nalo linaniuma, mikorosho yake mwaka huu imepulizwa salfa na watu wa kukodi, yeye yuko Chuno anapiga simu kila saa moja anauliza upepo unavumaje, mmeanza upande gani, ule mkorosho wa karibu na kaburi la bibi mmeufikia. Huyu mtu tangu nizaliwe hajawahi kukosa msimu shambani.

Sasa nimeona video mama mmoja Marekani anajiweka mashine mwenyewe sebuleni kwake, mashine haizidi friji ndogo. Nauliza kwa nini bima ya kwetu isilipie kitu kama hicho? Kama inalipa sesheni 12 au 13 kila mwezi, kila mwezi, si kuna siku ile hela ingetosha mashine? Kinachozuia ni bei, ni sheria au ni nini, na wenzetu wanalipaje? Wenye uelewa naombeni.

---

nesi_wa_mashine

Pole sana dada yangu, na hongera kwa kumtunza mzee. Mi ni nesi wa kitengo cha kusafisha damu hapahapa mkoani, baba yako namfananisha na wagonjwa wangu kama nusu, wapo wa kutoka Newala, wapo Nanyumbu, yupo mmoja anatokea Kilwa kahamia kwa shemeji yake Mikindani.

Kwanza nikwambie kuhusu maji maana watu wakiona ile video hawaoni maji. Sesheni moja ya masaa manne inapitisha karibu lita 120 za maji kwenye chujio, nusu lita kila dakika, na siyo maji ya bombani hivihivi, lazima yapite kwenye mtambo wa kuyasafisha mpaka chumvi na madini yote yatoke, na mtambo wenyewe unamwaga mengine mengi. Maji ya huku pwani unayajua yalivyo na chumvi, na kule Makonde juu ndoo inanunuliwa. Kwahiyo mashine ya damu nyumbani Tandahimba, hata ukiletewa bure kesho, utaulizwa maji na umeme kwanza.

Lakini kuna aina nyingine watu wengi hawaijui, dayalisisi (yaani kusafisha damu) ya tumboni. Hiyo haitaki mashine ya damu wala mtambo wa maji. Mgonjwa anawekewa mpira laini tumboni kwa operesheni ndogo, ule unabaki palepale. Afu unachukua mfuko wa maji yake maalum, wa lita 2, unautundika juu hata kwenye msumari ukutani, yanaingia tumboni, unafunga, unaendelea na kazi zako masaa kadhaa. Uchafu wa kwenye damu unapita kwenye utando wa tumbo unaingia kwenye yale maji. Kisha unaweka mfuko mtupu chini sakafuni, yanatoka yenyewe kwa kushuka, unaingiza mengine. Mara nne kwa siku, kila badili moja kama nusu saa. Umeme hautakiwi hata kidogo. Kuna na kidude cha kufanya hayo usiku ukiwa umelala, masaa 8 mpaka 10, hicho ndo kinataka umeme.

Na hii siyo teknolojia ya juzi, ilianza miaka ya 1970 mwishoni. Maji yake yapo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Pale ninapofanya kazi mimi hatuna kwa watu wazima, na sababu moja kubwa ni kwamba hamna mtu anayelipwa kuianzisha.

---

Mzawa wa Nachingwea

Mi naomba nipinge kidogo, msinichukulie vibaya, nina uchungu na hili jambo.

Nilimuuguza mjomba wangu, alianza na mpira wa shingoni wa mashine ya damu, aliwekewa mjini huko kwenye hospitali kubwa, ukapata maambukizi mara mbili ndani ya mwezi na nusu. Hapo ni hospitali, manesi wapo, glavu zipo, spiriti ipo. Tukamzika mwezi wa pili. Sasa leo tunasema mpira wa tumboni ukae kwenye nyumba ya udongo, watoto wanapita, mbuzi wanapita, mtu abadili mifuko mara nne kila siku ya Mungu, siku 365. Utando wa tumbo ukiingia wadudu ni hatari ya kufa.

Hela ya bima kama ipo ya ziada ipelekwe Nachingwea, Masasi, Newala, kila wilaya iwe na mashine tano za hospitali na mtambo wa maji. Mgonjwa alale kwake, afanye mashine wilayani kwake, jioni yuko nyumbani. Kumrushia mgonjwa mzigo wa hospitali tukauita maendeleo mi sikubali.

---

nesi_wa_mashine

Mzawa pole kwa mjomba, Mungu amrehemu. Nakuelewa na unachosema kuhusu maambukizi ni kweli, ndo tatizo kubwa la njia ya tumboni. Ila mpira wa shingoni unaingia moja kwa moja kwenye damu, siyo kitu kimoja. Na nyumba ya udongo siyo inayoleta wadudu, mikono ndo inaleta, na kutokufundishwa. Mafunzo yake ni kama wiki moja mpaka mbili, mgonjwa na ndugu mmoja, kila siku, mpaka afanye mbele yako bila kukosea: kufunga dirisha, kuzima feni, barakoa, kunawa mpaka kwenye kiwiko, kutogusa ncha ya mpira. Na kitu cha kwanza anachofundishwa mtu ni kuangalia mfuko uliotoka kwenye mwanga. Ukiwa unaweza kusoma gazeti kupitia yale maji, salama. Yakitoka meupe kama maji ya mchele, usisubiri tumbo liume wala homa ipande, beba na mfuko wenyewe uje.

Mahali kama Hong Kong tangu 1985 mgonjwa anaanzia njia ya tumboni kama hana sababu ya kitabibu ya kukataa. Siyo kwamba hawana hospitali.

Sasa hizo siku kumi za kumfundisha mtu, mi nesi nimeacha viti vyangu, nani anazilipa? Kwenye kitita, ile orodha ya huduma ambazo bima inalipia, kinachojazwa ni sesheni. Hapo ndo swali la dada lilipo.

---

Fundi_Ohio

Salamu kutoka Columbus, mi mtoto wa Mikindani, huku nafanya kazi ya ufundi kwenye kliniki ya dayalisisi mwaka wa saba sasa. Nimeona mada nikasema hapa siwezi kupita kimya. Niwaeleze wenzetu wanalipaje maana watu wanaona mashine hawaoni hesabu iliyoko nyuma yake.

Marekani miaka ya mwanzo ya 1970 karibu wagonjwa 4 kati ya 10 walikuwa wanajisafisha damu nyumbani, na mashine za enzi hizo zilikuwa madude makubwa kweli. 1972 ikapita sheria serikali ianze kulipia wagonjwa wa figo karibu wote kupitia Medicare, ile bima yao ya taifa ya wazee. Jambo jema sana, watu walikuwa wanakufa kwa kukosa hela. Lakini malipo yalivyokuwa yamepangwa yalikinufaisha zaidi kituo, vituo vikajengwa kila kona, na walioko nyumbani wakapungua miaka nenda rudi. Mgonjwa yuleyule, ugonjwa uleule, kilichobadilika ni hela inapoingilia.

2011 wakabadilisha, badala ya kulipa kila dawa na kila kipimo peke yake wakafanya bei moja ya jumla kwa sesheni, ndani humo dawa, vipimo, vifaa vyote. Mwaka 2025 bei ya msingi ilikuwa dola 273.82. Na mgonjwa wa tumboni analipiwa kwa hesabu hiyohiyo, wiki yake inahesabiwa kama sesheni tatu ingawa gharama yake kwa kituo ni ndogo. Hapo vituo vikaona kumbe kumpeleka mtu nyumbani kunalipa, njia ya tumboni ikaanza kupanda tena. Tena kuna malipo ya pembeni ya mafunzo ya nyumbani, dola 95.60 kwa kila sesheni ya mafunzo. Nesi umeona? Zile siku zako kumi huku zina mstari wake kwenye fomu.

Sasa mashine mpya. Tatizo la bei moja ya jumla ni kwamba kituo hakina hamu ya kununua kitu kipya cha ghali, maana bei inabaki palepale. Kwahiyo wakaweka nyongeza ya muda kwa vifaa vipya, na kuanzia 2021 ikaingiza na mashine za nyumbani. Ni hivi, bei ya mashine inagawanywa kwa miaka 5, inayopatikana inagawanywa kwa sesheni za mwaka, wanatoa kiasi kidogo ambacho tayari kimo kwenye bei ya msingi, kinachobaki Medicare inalipa asilimia 65. Kwa miaka 2 tu, baada ya hapo hamna nyongeza. Na lazima mtengenezaji athibitishe kwamba mashine inamsaidia mgonjwa kwa kiasi cha kuonekana kuliko zilizopo, siyo rangi mpya na skrini kubwa. Ya kwanza kupita ilikuwa Tablo, kuanzia Januari 2022, nadhani ndo kama ile uliyoiona kwenye video, inatengeneza maji yake yenyewe kutoka kwenye bomba.

Kasoro nimeiona kwa macho yangu. Nyongeza inataka kituo kiwe kimenunua mashine, ukiikodi ya mwezi kwa mwezi hupati. Vituo vidogo vingi haviwezi kununua, vingekodi. Na miaka 2 ni michache, mtu anaogopa kuingiza hela kwenye kitu ambacho malipo yake yanakatika kabla mashine haijazeeka.

---

binti_tandahimba

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na baba. Kwahiyo kumbe hata huko kwao siyo mashine ilikosekana, ni malipo yalivyokaa. Kaka wa Ohio swali moja, hiyo nyongeza imefanya watu wengi waende nyumbani kweli? Na Mzawa, mi nakubaliana na wewe wilaya ziwe na mashine, lakini toka kwetu kijijini mpaka wilayani nako ni safari, siku tatu kwa wiki mpaka afe.

---

Fundi_Ohio

Dada nikujibu kwa ukweli, siyo kiasi walichotarajia. 2019 Rais wao alisaini amri wakajiwekea lengo kwamba ikifika 2025 wagonjwa wapya 8 kati ya 10 wawe wanasafishwa nyumbani au wamepandikizwa figo. Hawakufika hata karibu. Na kuanzia 2021 walichagua maeneo kama asilimia 30 ya nchi, kituo kikipeleka wengi nyumbani kilikuwa kinaongezewa, kikizembea kinakatwa. Tathmini zikatoka, tofauti kati ya maeneo hayo na mengine ilikuwa ndogo sana. Sababu ninayoiona kazini ni manesi wa kufundisha hawatoshi, na mgonjwa anaanza mashine kwa dharura usiku, keshawekewa mpira shingoni, hamna aliyekaa naye kumweleza kuna njia nyingine, akizoea kiti ndo basi. Kumkata kituo hela hakuzalishi nesi.

Halafu jambo la pili msilisahau. Septemba 2024 kimbunga Helene kilifurisha maji kiwanda kimoja cha Baxter huko North Carolina kinachotengeneza haya maji ya tumboni. Kliniki nyingi zikaacha kuanzisha wagonjwa wapya wa tumboni kwa muda, kwa sababu ya kiwanda kimoja. Huku ndo Marekani. Kwetu mvua ikikata barabara ya Dar Lindi mnajua inavyokuwa.

---

mhasibu_mstaafu_Lindi

Nimestaafu uhasibu wa hospitali, nimeandaa madai ya bima miaka mingi, niseme kutoka upande wa meza ile.

Mkuu wa kituo anaangalia mambo mawili mwisho wa mwezi, fomu ngapi zimepita na ngapi zimekatwa. Mashine ya kusafisha damu ikikaa na mtu inaingiza, ikikaa wazi inakula, mtambo wa maji uko palepale, mishahara iko palepale. Ukimwambia apeleke wagonjwa kumi nyumbani umemwambia afunge viti vyake. Hatakataa kwa mdomo, atakuwa hana nafasi ya kukusikiliza. Siyo mtu mbaya, fomu ndo inamwongoza.

Kwahiyo mi ningekuwa naulizwa, na sasa ndo wakati wa kuulizwa maana Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote Novemba 2023 na vitita vinapangwa, ningesema kituo kilipwe kwa mwezi kwa kila mgonjwa wa figo kinachomlea, awe kwenye kiti au awe kwake, na wa kwake kiwango kisipunguzwe ile miaka ya mwanzo hata kama gharama yake imeshuka, hiyo tofauti ndo itamfanya mkuu wa kituo asogeze kiti amsikilize nesi. Mafunzo yawe na malipo yake peke yake, yanalipwa mgonjwa akimaliza na tena akikaa miezi mitatu bila kurudi na maambukizi. Nyongeza ya mashine mpya naiunga mkono ila kwetu iruhusu kukodi, hilo alilosema kijana wa Ohio ni la msingi sana, hospitali zetu za mkoa haziwezi kununua kitu halafu spea isubiri meli.

Na mifuko. Lita 8 kwa siku ni lita 240 kwa mwezi, ni kilo 240 na zaidi kwa mtu mmoja! Bajaji haibebi. Thailand walipoanza mpango wao wa mgonjwa kuanzia njia ya tumboni mwaka 2008 mifuko ilikuwa inafikishwa mpaka mlangoni kwa mgonjwa na posta yao. Sisi tuna magari ya Bohari ya Dawa yanayofika mpaka zahanati, mifuko ipande humo, mgonjwa achukulie zahanati ya kijiji, na bima ilipie huo usafiri kama sehemu ya matibabu. Ukiiacha kwa mgonjwa umeua mpango wote, kwa sababu hela aliyookoa ya chumba mjini itaishia kwenye pikapu.

Thailand hukohuko 2022 waliruhusu mgonjwa achague mwenyewe, wa mashine za damu wakaongezeka haraka na gharama zikapanda nazo. Ila kumlazimisha mtu pia sipendi. Achague akiwa ameelezwa zote mbili na bima inalipa zote mbili.

---

Mzawa wa Nachingwea

Mzee wangu shikamoo. Hapo kwenye miezi mitatu bila maambukizi umenigusa, hicho ndo nilikuwa nakitafuta, kwamba anayempeleka mgonjwa nyumbani abaki anamjibia. Siyo umempa boksi umeandika fomu basi. Lakini ongeza na hili, maambukizi yahesabiwe na yabandikwe ukutani kila mwezi, kituo hiki wangapi, kile wangapi. Nesi awe na namba ya simu inayopokelewa usiku na hiyo simu ilipiwe. Mjomba wangu homa ilianza saa nne usiku ijumaa, tukaambiwa jumatatu.

Kama hayo yapo, nauondoa upinzani wangu kwenye njia ya tumboni. Kwenye mashine ya damu ya nyumbani bado, maji ya kwetu hayaruhusu.

---

nesi_wa_mashine

Mzawa hata mi kwenye mashine ya damu ya nyumbani kwa wilaya zetu nasema bado, labda mjini penye maji na umeme wa uhakika, ndo maana naona nyongeza ya teknolojia mpya isiishie kwenye mashine tu. Kwa huku kwetu kitu kipya cha kulipiwa ni mpira wa tumboni, nesi wa kuzunguka na pikipiki, na chumba kimoja cha mafunzo chenye sinki na mlango unaofungika.

Dada wa Tandahimba, jumatano baba akiwa kwenye kiti mwulize daktari wa figo kama tumbo lake linafaa, mwambie na operesheni zote alizowahi kufanyiwa tumboni, hata ya ngiri, maana makovu ya ndani yanaweza kuzuia. Aandike kwenye faili kwamba mgonjwa ameomba. Kila mgonjwa akiandikiwa hivyo, siku bima wakiuliza wangapi wanaitaka kutakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Kwa sasa kwenye mafaili hamna hata mmoja, kwa sababu hamna aliyeulizwa.

---

binti_tandahimba

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Operesheni hajawahi hata moja, jumatano naingia naye kwa daktari na nitasimama pale mpaka iandikwe, nitarudi hapa kuwaambia walichosema.

Baba nilivyomwambia lita 240 kwa mwezi akanyamaza, afu akauliza hayo maboksi yatakaa wapi. Nikamwambia kile chumba cha magunia ya korosho. Amempigia mdogo wangu usiku huuhuu wakague bati la kile chumba kama linavuja.